Kijani Mbele ya Mama Mkwe

Mama mkwe ana seliaki. Mwenye ugonjwa huo akila gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na rai, kinga yake mwenyewe inageuka na kuushambulia utumbo wake. Hakuna cha "onja kidogo tu, mama". Makombo yanatosha kuleta balaa. Kwa hiyo alipotuma ujumbe kwamba atalala kwetu, na kwamba asubuhi angependa kunywea chai vile vipande vyangu vya oti na matunda, nilimjibu "karibu sana mama" kisha nikatangaza hali ya hatari jikoni.

Kazi ilianza na oti zenyewe. Oti kwa asili si ngano, lakini huvunwa kwa mashine zilezile, hupakiwa kwenye malori yaleyale na kusagwa kwenye vinu vilevile, na ngano haina adabu ya kubaki upande wake. Ndiyo maana nilichukua pakiti iliyoandikwa wazi kwamba haina gluteni, maana yake isizidi miligramu 20 kwa kilo moja. Wapo wachache wenye seliaki ambao hata oti safi huwasumbua, kwa sababu ya protini yake iitwayo avenini, ila mama mkwe alikwisha kumalizana na daktari wake na oti safi anakula bila shida.

Mwiko wa mbao nikaupeleka likizo, kwa kuwa mbao ina nyufa na nyufa zina kumbukumbu ya chapati. Chekeche la unga nalo likafuata. Blenda niliiosha mpaka chini ya kisu. Na kwa wale wanaodhani moto wa oveni husafisha kila kitu: moto unaua vijidudu, gluteni haiui, kwa sababu haikuwa hai.

Sasa ongeza shemeji. Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikuwa amekuja likizo na mzio wake wa karanga. Vipande vyangu vya kawaida vinashikwa na siagi ya karanga. Meza moja, watu wawili, makatazo mawili. Nikabadilisha karanga nikaweka siagi ya alizeti, gramu kwa gramu, ambayo inashika vizuri vilevile. Alizeti ina tabia moja ya ajabu ambayo naifahamu, na kwa sababu hiyo katika mapishi haya sikuweka kabisa kitu cha kuumusha. Tabia hiyo tutakutana nayo mbele, msiwe na haraka.

Trei ni ya mraba, sentimita 20 kwa 20, imetandikwa karatasi ya kuokea inayoning'inia pande mbili ili baadaye uvute kila kitu kwa mkupuo mmoja. Tende gramu 180, zimetolewa kokwa, zimelowekwa dakika 15 katika mililita 120 za maji ya moto. Zisage na maji yake hayohayo mpaka ziwe uji mzito. Hiyo ndiyo sukari yako na ndiyo gundi yako. Ndizi mbivu mbili, ziwe zimetapakaa madoadoa, maana ndizi ngumu haina utamu na haina unyevu. Yai moja. Siagi ya alizeti gramu 120. Oti gramu 250, na hapa watu wengi huharibu: gramu 60 kati ya hizo zisage ziwe unga. Ukiweka oti nzima tupu, kipande kitakumeng'enyekea mkononi, kwa sababu hakuna kinachojaza mianya. Mdalasini kijiko cha chai, chumvi robo kijiko cha chai, zabibu kavu gramu 60, na tufaha moja lililokwaruzwa kisha likakamuliwa kwa kitambaa safi. Usipolikamua, maji yake yatajikusanya katikati ya trei, na pale katikati patabaki pabichi hata uoke mpaka jioni.

Ukishachanganya, acha dakika 15 kabla ya kumimina kwenye trei. Oti inahitaji muda wa kunywa maji. Ukiioka ina kiu, inakunywa ndani ya oveni na kutoa kipande kikavu.

Dakika hizo 15 ndizo zilizoniponza.

Mlango ulibishwa. Mama mkwe, saa mbili kabla ya muda aliosema.

"Shemeji," nikasema nikifuta mikono, "bakuli hilo usiliguse. Linapumzika tu."

"Sawa shemeji, nitaliangalia."

Nikatoka. Salamu za mkwe hazina njia ya mkato. Shikamoo, marahaba, habari za safari, habari za nyumbani, za majirani, za jirani aliyeanguka, za mguu wa huyo jirani, za mganga wa mguu. Dakika 15 zikawa 40. Mle jikoni, kama nilivyokuja kufahamu baadaye, shemeji alikuwa analiangalia bakuli kama alivyoahidi, na kadiri alivyoliangalia ndivyo alivyozidi kulionea huruma. Halina hamira. Halina chochote. Shemeji wa watu atapika kitu kilale chini kama mkeka mbele ya mama! Akafungua kabati.

Niliporudi niliona mchanganyiko umelegea na una mapovu mapovu. Nikadhani ni ndizi. Nikaumimina, nikaukandamiza kwa kitako cha glasi iliyolowa maji, kwa nguvu, kwa sababu usipokandamiza utakula vumbi, nikauingiza oveni ya nyuzijoto 175. Kwa kawaida ni dakika 25 hadi 30, kingo zikianza tu kuwa kahawia. Dakika ya 15 trei ilikuwa imeshakuwa kahawia nzito kama imeungua, tena imevimba. Vipande hivi havivimbi! Nikailaumu oveni, nikaifunika trei kwa karatasi ya foili, nikaendelea.

Sasa sikiliza kanuni nyingine nzuri iliyogeuka kunimaliza: usikate vikiwa vya moto. Vya moto gundi ya tende bado ni laini, kisu kinapita kinaburuta kila kitu. Viache kwenye trei saa nzima, halafu friji, ikiwezekana usiku kucha. Kwa hiyo hakuna aliyeona ndani. Juu palikuwa pa kahawia, panang'aa, pananukia mdalasini. Nililala usingizi wa mkwe bora.

Asubuhi meza ikaandaliwa. Mama mkwe kakaa kwa heshima zake, chai imemiminwa. Nikaleta trei nzima, maana nilitaka kukata mbele yake aone nilivyo mwangalifu: ubao mpya, kisu kipya. Nikavuta karatasi, kikatoka kizima. Nikakata katikati, nikavitenganisha vile viwili.

Ndani kulikuwa na kijani.

Si kijani cha kubahatisha. Kijani kilichoiva, kilichosambaa sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, chenye zabibu zimetulia ndani yake kwa amani.

Mama mkwe alisogeza miwani. "Baba, umetia mchicha?"

"Hapana mama."

"Hii ni kuvu," alisema mke wangu, tena kwa sauti ya mtu ambaye mama yake yuko hatarini.

Nikasema haiwezi kuwa kuvu. Kuvu huanzia juu, huja madoamadoa yenye manyoya, na haioti usiku mmoja ndani ya kitu kilichotoka oveni kikaingia friji. Nilisema haya kwa utulivu mkubwa, na hakuna aliyesikia hata neno.

"Kuna ngano?" aliuliza mama mkwe.

"Hakuna, mama."

"Basi kuna nini?"

Mke wangu alimega kichembe, akakiweka ulimini, akakunja uso. "Kina ladha ya sabuni."

Hapo nilielewa kila kitu, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa kutoaminiwa. Nikaeleza. Mbegu za alizeti zina kitu kiitwacho asidi ya klorojeni. Chenyewe hakina rangi. Ila ukikiweka penye ualikali, yaani kinyume cha asidi, kinaungana na hewa na protini za mbegu na kutoa rangi ya kijani. Haitokei palepale, inakuja taratibu kadiri mkate unavyopoa, mara nyingi kesho yake. Haina madhara yoyote. Wapishi wa biskuti za alizeti wanaijua.

Mama mkwe alinitazama kwa muda. "Mwanangu, ua la alizeti la rangi gani?"

"Njano, mama."

"Na mafuta yake?"

"Njano."

"Na hiyo siagi yake?"

"Kijivu, mama, ina ukahawia..."

"Kijani kinatoka wapi?"

Nikajaribu tena. Nikasema siri yote iko kwenye ualikali, na katika mapishi yangu hakuna kitu cha namna hiyo, kwa hiyo lazima kuna mkono ulioingia.

"Lakini magadi si huwa yanaumusha tu?" alisema shemeji.

Vichwa vitatu viligeuka. Hakuna mtu mezani pale aliyekuwa ametaja magadi.

Shemeji alijitetea vizuri, tumpe haki yake. Alisema kila keki aliyowahi kuona inawekwa magadi soda. Ni kweli, lakini keki ina kinachoshika ile hewa. Kwenye unga wa ngano gluteni hujenga utando unaozuia mapovu yasitoroke. Oti haina utando huo. Ukiweka cha kuumusha kwa pupa, mchanganyiko unavimba, unakosa wa kuushika, unatua, na kipande kinabaki na matundu na kukatikakatika. Kipande cha oti kinatakiwa kiwe kizito kilichoshikana. Isitoshe magadi yanaharakisha rangi ya kahawia. Ndiyo maana oveni yangu isiyo na hatia ililaumiwa dakika ya 15.

Mama mkwe hakujali matundu. Aliomba boksi la magadi. Nilifurahi sana, kwa sababu ndilo swali sahihi kuliko yote yaliyoulizwa asubuhi ile: baadhi ya bekingi poda huchanganywa na wanga wa ngano, kwa hiyo mwenye seliaki lazima asome boksi. Hili lilikuwa na kiambato kimoja tu, sodiamu baikaboneti. Akalisoma mbele, nyuma, na chini.

"Ngano hakuna," akatangaza. "Lakini kijani sijakubali."

Basi akataka ushahidi. Nikachukua vibakuli viwili, kila kimoja kijiko cha siagi ya alizeti na kijiko cha maji. Cha kwanza nikatia magadi, cha pili nikakamulia limau, kwa sababu asidi huzuia ile rangi isitokee. Nikamwambia mama itachukua saa kadhaa. Akavichukua vyote viwili akaviweka kwenye dirisha la chumba chake, akafunga mlango. Shemeji hakuruhusiwa kupita koridoni.

Chai ya asubuhi ile ilinywewa na ndizi tupu.

Mimi nikaanza trei ya pili, na safari hii dakika 15 za kupumzisha nilisimama juu ya bakuli kama mlinzi wa lango. Niliongeza kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau, kwa usalama, ambayo pia yanaamsha ladha ya tufaha. Iliiva dakika ya 27, ikabaki kimo kilekile ilichoingia nacho, kama inavyotakiwa. Mke wangu alikuja akauliza kama anaweza kukata sasa hivi maana mama ana njaa. Nikakataa. Akasema ni mama. Akakata. Kipande cha kwanza kilifika kwenye sahani kikiwa uji wa zabibu, na mama mkwe akakila kwa kijiko, akasema kitamu, akaomba kingine. Vilivyobaki niliviokoa vikaingia friji. Vikitoka vikiwa baridi unakata kumi na mbili safi, na kwenye chombo chenye mfuniko vinakaa siku tano, au miezi mitatu ukivigandisha kimoja kimoja na karatasi katikati.

Alasiri mlango wa chumba ukafunguliwa. Mama mkwe alitoka na vibakuli viwili, kimoja kila mkono, akaviweka mezani bila kusema. Cha limau kilikuwa na rangi yake ileile ya kijivu. Cha magadi kilikuwa kijani.

"Haya," akasema. "Nimekubali. Alizeti ina mambo yake." Akaketi. "Lakini hicho kibakuli nimekionja. Hakina sabuni kama kile kipande cha asubuhi."

Akamgeukia mwanawe.

"Uliweka magadi kiasi gani?"

"Kijiko kimoja tu, mama."

"Cha chai au cha chakula?"

Shemeji alitazama dari, akatazama vibakuli, kisha macho yake yakaenda yenyewe mpaka ukutani, kule tunakotundika upawa wa supu.