Faili za ofisi mjini Goma: wingu la mbali au mashine za jirani?

Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ilisimama Buhene, kwenye ukingo wa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, na siku tano baadaye, ardhi ikiwa bado inatetemeka, wakazi wa mitaa kumi waliamriwa kuhama. Watu walielekea Sake, Bukavu na Gisenyi na kile walichoweza kubeba. Tangu siku hizo, kila ninapozungumza na wenye ofisi ndogo kuhusu utunzaji wa hesabu, mikataba na orodha zao, wengi hujibu kwamba wameweka kila kitu kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni zilizo mbali, kupitia intaneti, na hivyo wako salama. Naona wako sahihi kuhusu volkano, lakini wamesahau mambo mengine mengi.

Tuanze na haki yao. Folda ikiunganishwa na huduma kama Dropbox au Google Drive, kila badiliko hupanda kwenye seva za mbali, kisha hushuka kwenye kompyuta nyingine zilizounganishwa na folda hiyo. Mhasibu aliyekimbilia Bukavu anaweza kuendelea na jedwali aliloliacha mtaani Himbi, hapa Goma. Diski ya nje iliyofungiwa katika kabati la ofisi haiwezi kumfanyia hivyo, kwa sababu moto ukila kompyuta utakula na kabati. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji wetu, na aliyeona maduka ya katikati ya mji yalivyofunikwa hahitaji kuelezwa kwa nini nakala moja lazima ikae mbali.

Ugumu uko kwenye njia ya kufika huko. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, zikigawanywa kati ya barua pepe, picha na faili, na Dropbox hutoa 2. Lakini kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, kupandisha gigabaiti 1 huchukua zaidi ya saa mbili, na hapo umeme usikatike. Ni kweli kwamba Dropbox hutuma sehemu zilizobadilika tu za faili, jambo linalookoa mega nyingi, ila si kila huduma hufanya hivyo. Tena, watu wawili wakifanyia kazi faili moja wakati mtandao umekatika, mtandao ukirudi hujikuta na nakala mbili zinazopingana, na hakuna programu itakayowaamulia ipi ni ya kweli.

Kosa ninaloliona zito zaidi ni kudhani kwamba kusawazisha, yaani kuzifanya faili zifanane kwenye mashine zote, ni kuhifadhi. Programu ya kusawazisha hutii: ukifuta faili kwenye mashine moja, huifuta kwenye zote. Kwenye Google Drive, kilichotupwa hubaki kwenye pipa la taka siku 30 tu, kisha hutoweka. Seva zenyewe nazo ni mashine ndani ya nyumba. Tarehe 10 Machi 2021, miezi miwili kabla ya mlipuko wetu, moto uliteketeza kituo cha kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, na wateja waliokuwa hawana nakala mahali pengine walipoteza data zao kabisa. Na sisi tunakumbuka jinsi intaneti ilivyozimwa nchini kote kwa takriban siku 20 baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Aliyekuwa na faili zilizosawazishwa aliendelea kuzifungua kutoka kwenye diski yake, lakini aliyeziacha winguni pekee ili kubana nafasi hakuwa na la kufungua.

Kuna njia nyingine isiyozungumziwa sana hapa: Syncthing, programu huria iliyoanza mwaka 2013, ambayo husawazisha kompyuta moja kwa moja kupitia ruta ya ofisi bila kutumia hata mega moja ya intaneti. Udhaifu wake ni kwamba mashine lazima ziwe zimewaka kwa wakati mmoja, na zikiwa zote katika nyumba moja, mlima hautazibagua.

Suala la siri nalitilia uzito wa pekee, kwa kuwa katika mkoa wetu orodha ya majina ya waliohamishwa au ya waliobakwa inaweza kumgharimu mtu maisha. Kiungo cha kushiriki kilichoachwa wazi kwa kila anayekipata ni hatari iliyo karibu kuliko mdukuzi yeyote. Faili za aina hiyo zifungwe kwa Cryptomator, programu ya kufunga faili kwa nywila, kabla hazijapanda, na nywila ijulikane na watu wawili wanaoaminika, maana ikipotea, na hakuna ufunguo wa akiba uliotunzwa, hakuna wa kuzifungua.

Kwa ofisi yenye mashine nne, basi, ningechagua kazi za kila siku zisawazishwe ndani ya nyumba, na mikataba, hesabu na orodha pekee zipande winguni usiku, mtandao ukiwa umetulia, zikiwa zimefungwa. Mara moja kwa mwezi mtu mmoja azishushe kwenye kompyuta isiyo ya ofisi, azifungue, na azisome.