Ujerumani Mashariki: watu walinyamaza kwa woga au walishazoea tu?

Majengo ya ghorofa Ujerumani Mashariki, ile ya kijamaa enzi Ujerumani imegawanyika nchi mbili, yalikuwa na daftari lao, linaitwa Hausbuch, na mmoja wa wapangaji ndo mshika daftari. Ukihamia unaandikwa jina, tarehe ya kuzaliwa na kazi yako, ukipata mgeni wa kulala siku kadhaa naye anaandikwa, na kama mgeni katokea Magharibi ndo kabisa, anaandikwa chap chap, katoka wapi, anaondoka lini. Polisi wakitaka wanakuja kulisoma, na watu wa usalama nao hivyo hivyo. Sasa huyo mshika daftari hakuwa askari wala nini, ni baba tu wa ghorofa ya pili, pengine ndo huyo huyo anayekuazima nyundo Jumamosi. Watanzania mtasema aah si balozi wa nyumba kumi huyo, na kweli wanafanana kidogo, ila balozi wetu mara nyingi alitafutwa kwa ugomvi wa mke na mume au barua ya utambulisho, huyu wa kule ukisikia anapanda ngazi unaanza kujiuliza juzi uliropoka nini.

Nimeanza na daftari makusudi kwa sababu ukitaja udikteta watu wanakimbilia jela na risasi. Vilikuwepo, sibishi. Tarehe 13 Agosti 1961 walifunga mpaka pale Berlin baada ya karibu watu milioni 3 kukimbilia Magharibi, na watu wasiopungua 140 walikufa kwenye huo Ukuta. Gereza la Hohenschönhausen la Stasi, yaani usalama wa taifa wa kule, lilikuwepo, na kuna biashara ya ajabu kabisa ilikuwa inaendelea, serikali inawauza wafungwa wake wa kisiasa kwa Ujerumani Magharibi, kama elfu 33 walinunuliwa kuanzia miaka ya 60 hadi 1989. Lakini nchi ina watu milioni 16 na zaidi, huwezi kuwafunga wote. Mimi kinachonisumbua ni hawa waliobaki, ambao hawajawahi kulala rumande hata siku moja, waliwezaje kupiga makofi miaka 40?

Hapo ndo ubishi ulipo, na wanaobishana wengi ni Wajerumani wenyewe.

Kuna wanaosema jibu ni woga, basi. Stasi ilianzishwa Februari 1950, na kuanzia 1957 hadi mwisho iliongozwa na mtu mmoja, Erich Mielke. (Hawa jamaa hawako mbali na sisi kama unavyodhani, baada ya Mapinduzi ya 1964 Ujerumani Mashariki iliingia Zanzibar na misaada, mafleti ya Kikwajuni ni kazi yao, na wataalamu wao wa usalama walikuja pia kufundisha.) Kufika 1989 Stasi ina waajiriwa kama elfu 91, na juu yake mashushushu wa pembeni kama laki moja na elfu 80 hivi, watu wenye kazi zao nyingine, walimu, manesi, wachungaji, wachezaji mpira. Piga hesabu unapata mtu mmoja kwa kila 60 hivi. Kwenye harusi ya kawaida tu hapo unao kadhaa, na hujui ni shangazi au ni mpiga kinanda.

Na kuanzia miaka ya 70 walibadilisha mchezo. Mwaka 1975 serikali ilisaini mkataba wa Helsinki, wenye ahadi za haki za binadamu, inataka iheshimiwe duniani, kwahiyo kukamata watu hovyo inaleta aibu. Januari 1976 likatoka agizo la ndani, namba 1/76, la kumvunja mtu bila kumgusa, wenyewe wanaita Zersetzung. Wanaingia kwako ukiwa kazini, hawaibi kitu, wanahamisha picha ukutani tu, wanakubadilishia majani ya chai, wanaondoka. Umwambie nani? Ukisema kuna watu wanaingia kwangu kunibadilishia chai, hata mke atakuangalia vibaya. Halafu uvumi unasambazwa kazini kwamba una mchepuko, au mbaya zaidi kwamba wewe ndo mnoko unayewauza wenzako, marafiki wanapungua mmoja mmoja, promosheni inakwama bila sababu. Mwandishi wa habari wa Magharibi ataandika nini hapo, hakuna kesi, hakuna hakimu, hakuna picha. Majalada yalipofunguliwa kwa wananchi mwaka 1992, yaliyopangwa kwenye mashelfu yanafika urefu wa kilomita 111, mwanaharakati Vera Lengsfeld akakuta aliyekuwa anaripoti habari zake kwa Stasi ni mume wake wa ndoa. Ukisoma vitu kama hivi unaona upande wa woga wameshinda kesi asubuhi.

Ila wapo wengine, na wengi wao walikulia kule, ambao wanachukia kusimuliwa maisha yao hivyo. Wanasema jamani hatukuwa nchi ya wapelelezi na wapelelezwa tu, tulipendana, tulienda kupiga kambi pwani ya Baltic, kodi ya nyumba ilikuwa hela ndogo sana, kazi kila mtu anayo, mtoto kuanzia mchanga ana kituo cha kulelewa, wanawake karibu wote walikuwa kazini wakati kule Magharibi mama bado anaambiwa akae jikoni. Mwandishi wa habari Günter Gaus, ambaye alikuwa mwakilishi wa Ujerumani Magharibi kule Berlin Mashariki, aliiona kama jamii ya watu waliojichimbia kila mmoja kona yake, mchana unavaa sura ya chama tawala, jioni unaenda kwenye kibustani chako nje ya mji unachoma soseji na watu unaowaamini. Mwanahistoria Konrad Jarausch naye akasema ni udikteta wa malezi, serikali mkono mmoja inakulea, mkono wa pili inakubana. Na wanauliza swali zuri tu, mkiita hii ya Ulbricht na Honecker, wale waliopokezana kuiongoza nchi, udikteta wa kila kitu, ya Stalin aliyeua watu kwa malaki miaka ya 30 mtaiitaje?

Hoja ina uzito hii, mimi sio wa kuipuuza. Tatizo langu ni kwamba hiyo mikono miwili ya Jarausch ukiifuatilia kwenye maisha ya mtu mmoja huoni mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Chukua mtoto wa miaka 14. Ana alama nzuri, anataka sekondari ya juu ili aende chuo. Wenzake zaidi ya asilimia 90 wanaenda kwenye Jugendweihe, sherehe ya serikali ya kuingia utu uzima ambapo unaapa kuitumikia nchi ya kijamaa, yeye baba ni mchungaji na nyumbani wamesema hapana. Hakuna polisi atakayegonga mlango. Barua inakuja tu, nafasi zimejaa. Baba hajafungwa, kanisa halijafungwa, Jumapili wanaimba kama kawaida, ila familia nyingine tatu za mtaa huo zimeona, na mwaka unaofuata watoto wao wataapa bila kuambiwa na mtu. Vivyo hivyo nyumba unasubiri kwa foleni, gari la Trabant unasubiri miaka kumi na kitu, watu wanaandikisha wakifika tu miaka 18, likizo kwenye hosteli ya chama cha wafanyakazi nayo kwa mgao. Kila mtu ana kitu anakisubiri. Mtu anayesubiri kitu hagombani na mgawaji, na hapo wala huhitaji shushushu.

Angalia walivyopiga kura. Unaingia, unapewa karatasi yenye orodha moja ya majina, unaikunja, unatumbukiza kwenye sanduku, umemaliza, wenyewe walikuwa wanasema tunaenda kukunja karatasi. Kibanda cha siri kipo, kimewekwa kule kona, na ni ruhusa kabisa kukitumia, sheria inakuruhusu! Ila ukikiendea chumba kizima kinakuona unatembea, kwa sababu wa kusema ndiyo anakunja tu, hana sababu ya kwenda kule, na meza ya maafisa wanaona nani kaenda. Hamna aliyekukataza. Tarehe 7 Mei 1989 kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa walitangaza asilimia 98.85 wamesema ndiyo, na hata na kukunja kote huko bado walichakachua, maana wanaharakati walikaa kwenye vituo wakahesabu na namba hazikufanana.

Kwenye habari sasa, hapa mambo yanakuwa magumu kwa pande zote mbili. Magazeti yalikuwa ya kulala tu, mwaka 1987 gazeti la chama Neues Deutschland lilitoa toleo la maonyesho ya biashara ya Leipzig lina picha za Honecker zaidi ya 40, toleo moja hilo. Nani anasoma? Lakini tofauti na Korea Kaskazini, wananchi wengi walikuwa wanaona tivii ya Magharibi kila jioni. Mwaka 1961 vijana wa chama walitumwa juu ya mapaa kugeuza antena, haikusaidia, na 1973 Honecker mwenyewe akasema kila mtu anaweza kuwasha au kuzima anavyotaka. Isipokuwa eneo la Dresden na kule kona ya kaskazini mashariki, mawimbi hayafiki, wenzao wakawa wanawatania kwamba wanaishi bonde la wasiojua kitu.

Ungetegemea kwamba hao wa bondeni ndo wangekuwa watiifu zaidi, si wanaona propaganda ya upande mmoja? Watafiti wawili, Holger Kern na Jens Hainmueller, walichukua takwimu za siri za taasisi ya vijana ya Leipzig wakakuta kinyume chake, waliokuwa wanaona tivii ya Magharibi ndo waliridhika zaidi na maisha chini ya serikali ile. Na maombi ya kuhama nchi kwa kiwango kikubwa yalitoka huko huko Dresden. Yaani mtu akishaangalia tamthilia na matangazo ya Magharibi jioni anapoa, maisha yanabebeka, asiyekuwa nayo ndo anaboreka mpaka anataka kuondoka. Wanaoamini kwamba habari huru peke yake inaangusha dikteta wana kazi hapo. Na wanaosema watu waliridhika na ujamaa nao wasishangilie mapema, kuridhika kwenyewe kulitokana na dirisha la kwa jirani.

Wakubwa wenyewe walijua nini? Hapa ndo huwa nacheka. Chama kilikuwa na taasisi yake ya kupima maoni ya wananchi tangu 1964, inauliza maswali, inapata majibu, mwaka 1979 Honecker akaifunga. Ripoti za Stasi ziliendelea kupanda juu, na nyingine zilisema ukweli kuhusu upungufu madukani na hasira za watu, ila kila zinapopita mkono mmoja zinalainishwa kidogo, na zikifika juu hazina msomaji. Agosti 31, 1989 Mielke aliwaita majenerali wake akawauliza, hivi hali ikoje, kesho italipuka Juni 17 nyingine? Anamaanisha yale maandamano ya wafanyakazi ya 1953 yaliyozimwa na vifaru vya Warusi. Akajibiwa kesho haitalipuka, ndo maana sisi tupo. Oktoba 9, wiki tano na kitu baadaye, watu elfu 70 walikuwa barabarani Leipzig na hakuna aliyethubutu kuamuru risasi. Mtu ana kilomita za mafaili, ana waajiriwa elfu 91, anauliza swali ambalo kinyozi wa mtaani angemjibu.

Kwahiyo mimi ukinibana niseme ni woga au mazoea, nasema woga ndo ulijenga mazoea, kizazi cha 1953 na 1961 kiliogopa kwa sababu kiliona, watoto wao walirithi tabia bila kuona kifaru hata kimoja. Ila wa mazoea nao wana karata moja ambayo siwezi kuipiku. Machi 18, 1990 ulifanyika uchaguzi wa kwanza huru, kibanda cha siri cha kweli, asilimia 93 ya wapiga kura walitokea. Chama kile kile kilichotawala, kimebadilisha jina tu, kilipata asilimia 16.4, watu wameenda kibandani hakuna anayewaona na bado wamekichagua. Na wale wanaharakati waliohesabu kura, waliowindwa na Stasi, waliobadilishiwa chai, orodha yao ya Bündnis 90 ilipata asilimia 2.9. Muungano ulioongozwa na chama cha Kansela Kohl wa Magharibi ndo ulizoa karibu nusu ya kura zote, na aliyeahidi kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba hela ya Magharibi inakuja ni huyo huyo Kohl.