Umeme wa usiku Kenya: nafuu ya nani?

Usiku Wakenya wakilala, mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, unaozalisha umeme, haulali. Visima vya jotoardhi havifungwi na kufunguliwa ovyo, na upepo wa Turkana, wenye mitambo 365 ya jumla ya megawati 310, huvuma zaidi saa hizo. Umeme upo, watumiaji hawapo. Jioni mambo hugeuka. Kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku, taa, televisheni na shawa za maji moto huwaka nchi nzima kwa wakati mmoja, na mitambo ya mafuta kama ya Kipevu, Mombasa, huitwa kusaidia. Gharama ya mafuta hayo humfikia kila mwenye mita.

Ndipo Desemba 2017 serikali ikaleta punguzo la asilimia 50 kwa viwanda vinavyotumia umeme saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hoja yake ina uzito: mvuke uliokuwa ukipotea angani unageuka saruji na chuma, bila kujenga mtambo mpya hata mmoja.

Hata hivyo, lilipoanza, punguzo lilihusu tu uniti zilizozidi kiwango kilichowekewa kila kiwanda kulingana na matumizi yake ya awali. Aliyekuwa akikesha na mashine zake miaka yote hakuona nafuu kubwa. Wenye viwanda walilalamika, na naona walikuwa na haki. Tena zamu ya usiku ina gharama zake: gari la kuwarudisha wafanyakazi, ulinzi, mama anayeacha mtoto mchanga nyumbani. Kinu cha saruji huendeshwa na watu wachache. Kiwanda cha nguo hujaa mamia kwenye cherehani. Punguzo moja haliwafai sawa.

Na kilele cha jioni, yaani saa ambazo umeme hutumiwa zaidi, ni cha majumbani. Je, nyumba nazo zitozwe zaidi saa hizo? Mita nyingi za tokeni hutoza bei ileile saa 2 usiku na saa 8 usiku. Lakini hata zingebadilishwa, mimi nisingekubali kumtoza zaidi anayetumia chini ya uniti 30 kwa mwezi. Taa ya mtoto anayesoma haiwezi kungoja usiku wa manane.

Vinavyoweza kungoja vipo. Mwaka 2023 umeme wa kuchaji pikipiki na magari uliwekewa bei ya shilingi 16 kwa uniti saa za kilele na 8 nje ya kilele, kwa hiyo kituo cha kubadilishia betri kina sababu ya kuchaji usiku. Bei ya namna hiyo ifuatie kwenye hita za maji zenye tangi na pampu za maghorofa.