Andika kalendani, lahajedwali iache ijiandike

Inaudhi kumwona mtu amekaa kwenye baraza ya nyumba ya wageni Shela, Lamu, saa nne ya usiku, simu mkono mmoja, laptopu mapajani, anahamisha bukingi moja moja kutoka kalenda ya simu kwenda kwenye lahajedwali. Chumba, jina, siku ya kuingia, siku ya kutoka. Kesho yake mgeni anapiga simu, anasogeza safari siku mbili, aliyepokea anabadilisha kalenda, na lahajedwali inabaki na tarehe za zamani. Mwisho wa mwezi hesabu hazikubaliani na mwandishi ndiye anayebeba lawama. Tumwondolee lawama hiyo. Jambo likiandikwa mahali pawili, iko siku patatofautiana, hata mwandishi awe makini vipi.

Kalenda iwe mahali pekee pa kuandika, na lahajedwali iwe kioo chake tu.

Kazi yenyewe ni ya alasiri moja, na hailipiwi. Kwanza fungua kalenda ya pili kwenye akaunti ya Google, uiite Bukingi, ili miadi ya kliniki na harusi ya binamu zisiingie kwenye hesabu ya vyumba. Kisha fungua lahajedwali ya Google Sheets kwenye kompyuta, nenda menyu ya Viendelezi, uchague Apps Script, mahali pa kuandikia skripti, yaani maagizo mafupi ambayo kompyuta huyafuata yenyewe. Skripti ya mistari isiyozidi arobaini inatosha: inasoma matukio ya mwaka kwa amri ya getEvents, inayapanga kwa safu, inayaandika yote kwa mkupuo mmoja wa setValues. Usiandike mstari mmoja mmoja ndani ya kitanzi, yaani amri inayojirudia. Google huikatiza skripti inayopitisha dakika sita, na kitanzi cha namna hiyo ndicho kinachozila hizo dakika. Halafu bonyeza alama ya saa upande wa kushoto, uiamuru ijiendeshe kila saa.

Sasa pale wengi wanapoharibu. Wanatengeneza skripti inayoongeza tu: tukio jipya, mstari mpya chini. Wiki ya kwanza inapendeza. Mgeni akighairi, tukio linafutwa kalendani lakini mstari wake unabaki. Akibadilisha tarehe, anapata mistari miwili. Baada ya miezi mitatu nyumba ina wageni wasiokuwepo, na mtu anarudi usiku kufuta kwa mkono, yaani kazi ileile tuliyotaka kuiondoa. Dawa ni kufuta kila kitu na kuandika upya kila saa. Wengi huogopa neno kufuta, lakini hakuna kinachopotea, kwa sababu asili iko kalendani. Cha kuzingatia ni mpangilio: soma kalenda kwanza, kamilisha orodha, hesabu mistari; ikiwa sifuri, simama hapo hapo; ikiwa ipo, ndipo ufute kwa amri ya clearContent na uandike. Ukianza kwa kufuta na skripti ikakwama katikati, asubuhi utakuta ukurasa mweupe.

Na kwa kuwa laha hiyo inaandikwa upya, isiguswe na mkono. Mfano: mstari wa 14 ni wa mgeni wa chumba cha juu, na mtu amechapa pembeni yake, safu ya H, "amelipa". Saa moja baadaye bukingi mpya ya tarehe za mapema inaingia mstari wa 9. Mgeni wa juu anashuka hadi mstari wa 15, ila "amelipa" limebaki 14, pembeni ya mtu ambaye hajatoa hata shilingi. Malipo yawe na laha yake, kila mstari ukibeba kitambulisho cha tukio ambacho skripti inakitoa, na fomula ya SUMIF ijumlishe. Tahadhari hapa: matukio yanayojirudia hushiriki kitambulisho kimoja, kwa hiyo kwa hayo bandika na tarehe ya kuanza. Wala Maulidi usiyaweke yajirudie kila mwaka; mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, yataangukia pasipo.

Kichwa cha tukio kiwe na mpangilio mmoja: Juu 2 | jina la mgeni | watu 2 | 4500. Kigawio kiwe kile kistari cha wima, si koma, maana mtu akiandika 4,500 pesa zake zitagawanyika safu mbili. Kichwa kilichokosewa skripti isikiruke, ikipake rangi nyekundu kionekane. Ikiwa kuna safu ya namba za simu, iwekwe kuwa maandishi kabla ya kuandika, la sivyo 07 itabaki 7.

Kuhusu siku: tukio la siku nzima la tarehe 12 hadi 14 skripti hulisoma kuwa linaisha 15, saa sita usiku. Hiyo ndiyo siku ya kutoka, kwa hiyo toa tu 12 kwenye 15, upate usiku 3, usiongeze moja. Majira ya saa ya kalenda, ya lahajedwali na ya skripti yote yawe ya Nairobi. Moja ikibaki Marekani, mgeni wa tarehe 12 anaonekana ameingia 11.

Lakini saa za Kiswahili hakuna mpangilio unaozirekebisha. Mtu anasikia "saa kumi jioni", anaandika 10:00, na skripti inahamisha kosa lilivyo. Kwetu Lamu saa sita za kosa ni kosa la maji pia, kwani kati ya kujaa na kupwa ni saa sita na dakika chache. Mashua ya kisiwa cha Pate iliyopangwa kupita mfereji wa Mkanda maji yakijaa itafika yamekupwa. Ongeza safu yenye =MOD(HOUR(B2)-6,12), B2 ikiwa seli yenye saa ya tukio, na sifuri isomwe kumi na mbili. Ile 10:00 itajionyesha kuwa saa 4, na nahodha atauliza kabla ya kung'oa nanga.

Jambo moja naliomba kwa dhati: skripti ifunguliwe kwa akaunti ya nyumba, si ya kijana mwenye laptopu. Hujiendesha kwa idhini ya aliyeiwasha. Akiondoka na akaunti yake ikafungwa, nayo inakufa kimya. Weka seli moja juu inayoonyesha saa ya mwisho kusomwa, ili kimya hicho kionekane.

Kalenda zinazoingia kwa kiungo kutoka mitandao ya kukodisha, Google huzisoma kwa wakati wake, pengine baada ya saa nyingi. Usiuze chumba cha leo kwa kuzitegemea hizo.

Na kitabu cha kaunta? Nakubali, kibaki. Umeme ukikatika Desemba nyumba imejaa, karatasi ndiyo itakayosema nani analala wapi. Ila ichapishwe kutoka kwenye lahajedwali kila asubuhi, ukurasa wa siku saba, na kalamu ikibadilisha neno juu yake, aliyebadilisha aliingize kalendani mara stima ikirudi.