Bawa Lilinichelewesha Kazini

Jumanne alfajiri nilisimama na baiskeli yangu kwenye kipilefti dakika ishirini nzima, pua imeganda, nikingoja lori lipite. Lilibeba bawa moja tu la mtambo wa upepo, na alama za barabarani zilikuwa zimeng'olewa ili lipate nafasi ya kukata kona. Hakuna Mdenmark aliyepiga honi. Niliyekuwa nasonya ni mimi, mtu wa Lamu, niliyekulia mahali ambapo foleni ni punda wawili kukutana uchochoroni.

Kazi yangu yenyewe ni kupiga msasa mabawa hayo hayo. Siku ya kwanza karakanani nilicheka peke yangu. Wanatandaza kitambaa cha nyuzi za kioo ndani ya kalibu, tabaka juu ya tabaka, katikati vipande vya mti mwepesi wa balsa, kisha pampu inavuta rezini, ile gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu, ipenye kila uzi. Harufu ikanirudisha Matondoni, kule kwetu Lamu, kibandani kwa ami yangu, fundi wa boti. Si ndiyo boti ya faiba hii? Ami hutumia brashi na ndoo, na boti yake inakwenda Kiwayu kwenye kusi ya Juni na kurudi bila ufa.

Wala undugu huo sikuugundua mimi. LM, mabingwa wa mabawa, walianza na samani mwaka 1940 huko Lunderskov, wakahamia faiba, wakatengeneza boti, na bawa la kwanza likaja 1978. Vestas, wanaounda mitambo yenyewe, mzizi wao ni karakana ya mhunzi katika kijiji cha Lem. Seremala na mhunzi! Watu hao kwetu si wamejaa, milango yao inapigwa picha na watalii kutwa?

Najua mnachonung'unika huko nyumbani: "Huyu keshashiba mkate mweusi, sasa anatudharau." Sidharau. Nina hasira. Wanaodharau ni nyinyi mnaomwita Ami fundi wa jua kali, huku mkimsimamia kiti kijana asiyewahi kushika brashi kwa sababu ana cheti.

Mwingine atasema hatukuwa na ujuzi. Thika si walikuwa wakitengeneza pampu za upepo za Kijito? Lakini hapa Denmark, mwaka 1979, serikali iliamua kumlipia mnunuzi asilimia 30 ya gharama ya mtambo, mradi uwe umepitishwa na kituo cha majaribio cha Risø. Fundi akapata mteja, na akapata mtu wa kumkosoa bila kumtukana. Ami nani alimpa lolote kati ya hayo mawili?

Sisi tukaagiza. Kando ya Ziwa Turkana, kule Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo, megawati 310, na mabawa yalishushwa Mombasa. Tukatengenezewa na barabara, kilomita 208 kutoka Laisamis, ili mzigo wa wenyewe upite salama. Na bado naujivunia mradi ule. Nimewaonyesha wenzangu kazini picha zake mpaka wananikimbia. Giaboksi na jenereta tuwaachie kwanza, sikatai. Lakini bawa la Turkana ni kama mita 25 tu. Tuseme kweli, hilo nalo lilitushinda hata kujaribu?

"Basi rudi ujenge wewe." Haya, nirudi. Kwa umeme upi? Huu unaokatika kabla chai haijachemka? Rezini ikishachanganywa na kigandisho haingoji mtu. Pampu ikizimika katikati, bawa zima ni la kutupa, na hasara hiyo hakuna benki itakayoielewa. Kwa hiyo msinitume nikafe na deni halafu mniite shujaa.

Jana usiku nilimpigia Ami nikamweleza habari ya lile lori. Hakushangaa hata kidogo. Alichouliza ni pipa la rezini huku ni kiasi gani. Nikamtajia. Akanyamaza, nikamsikia anapiga hesabu kwa sauti ya chini, kisha akauliza: "Na ushuru wa bandarini, umeutia?"