Kipimo cha jeni na mbwa aina ya Basenji: tatizo ni wale wanaoondolewa kwenye uzazi

Wanaotetea upimaji wa jeni kabla ya kupandisha mbwa wana hoja nzito, na hoja hiyo inaonekana wazi kwa Basenji, mbwa wa uwindaji wa misitu ya Kongo anayesifika kwa kutobweka. Basenji wa Ulaya na Marekani wanatokana na mbwa wachache waliosafirishwa kutoka Afrika kuanzia miaka ya 1930. Kwa kuwa walipandishwa wao kwa wao kwa vizazi vingi, ulienea miongoni mwao ugonjwa wa Fanconi, ambao huzifanya figo zishindwe kurudisha mwilini sukari, asidi amino na madini, vyote vikapotelea kwenye mkojo. Mbwa hunywa maji kupita kiasi, hukonda, na asipotibiwa hufa.

Ubaya wake ni kwamba dalili huanza mara nyingi kati ya umri wa miaka 4 na 8, wakati dume ameshapandishwa mara kadhaa na jike ameshazaa. Kwa muda mrefu mfugaji alitegemea vile vikaratasi vya kupimia sukari, alivyovichovya kwenye mkojo mwezi baada ya mwezi, na vilipobadilika rangi figo zilikuwa zimeshaanza kuharibika.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri walitoa kipimo cha awali cha vinasaba, na mwaka 2011 kikapatikana kinachoangalia jeni yenyewe. Ugonjwa huu, kama selimundu kwa binadamu, huhitaji nakala mbili mbovu za jeni, moja kutoka kwa kila mzazi. Mbwa mwenye nakala moja mbovu, yaani mbebaji, haugui, na akipandishwa na asiyekuwa nayo kabisa, baadhi ya watoto watairithi lakini hakuna hata mmoja atakayeugua Fanconi. Mambo haya sasa hujulikana mbwa angali mdogo, kwa kumpitishia kijiti cha pamba ndani ya shavu.

Wenye mashaka hawaikatai sayansi hiyo. Wanachouliza ni namna wafugaji watakavyoyatumia majibu, na historia ya Basenji hao hao inawapa haki ya kuuliza. Kabla ya Fanconi kutikisa, aina hii ilisumbuliwa na upungufu wa damu wa kurithi, unaotokana na kasoro ya kimeng'enya ndani ya chembe nyekundu. Katika miaka ya 1970 kilikuwepo kipimo cha damu kilichowatambua hata wabebaji wasiougua, na wafugaji wakawaondoa kwa wingi kwenye uzazi. Ugonjwa ulipungua sana, lakini pamoja na wabebaji zilikwenda koo nzima, na wapo wajuzi wanaoamini kwamba msako huo, kwa kubakiza mbwa wachache wa kuzalisha, ndio uliofungua njia kwa Fanconi. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walilazimika kurudi Zaire ya wakati ule kutafuta mbwa wapya, na mwaka 1990 chama cha American Kennel Club kikakubali kuwaandikisha.

Ipo pia hoja ya mipaka ya vipimo vyenyewe. Matatizo ya nyonga hutokana na jeni nyingi pamoja na malezi, kwa hiyo picha ya eksirei bado inahitajika, hata kama maabara imetoa orodha ndefu ya majibu mazuri.

Kwa maoni yangu, kumpandisha mbwa bila kumpima, ilhali kipimo cha ugonjwa unaojulikana kwa aina yake kipo, ni uzembe. Hata hivyo, kumhasi mbebaji mwenye afya, umbo na tabia njema kwa sababu tu ya nakala moja ni kurudia kosa la miaka ya 1970. Apandishwe na asiye na nakala, watoto wapimwe, na kizazi kinachofuata kichaguliwe kutoka humo. Jambo linalozungumzwa kidogo zaidi ni dume aliyepata majibu safi: kila mwenye jike humtaka, naye husambaza kasoro nyingine ambazo bado hazina kipimo. Vyama vinavyodai cheti cha jeni vingepaswa pia kuweka ukomo wa mara ambazo dume mmoja anaweza kupandishwa.