Fundi wa Jeshi Mnampeleka Getini?

Wiki iliyopita nilikuwa gereji moja pale Unga Limited, Arusha, nimekalia tairi kuukuu nikisubiri shokomzoba zifungwe, akaingia mzee mmoja na bahasha ya kaki. Suruali imenyooshwa, viatu vinang'aa kwenye lile tope la oili. Mstaafu wa jeshi, ujana wake wote kaumalizia karakana ya magari, anaomba kazi ya ufundi. Kijana mwenye gereji hata bahasha hakuifungua. "Shikamoo mzee. Mafundi tumejaa, ila ya ulinzi ipo. Si umesema ulikuwa jeshini?"

Mzee akashukuru, akaenda zake. Hasira nikabaki nazo mimi.

Hivi nani alituaminisha kwamba mtu akivua kombati kinachobaki ni rungu na tochi? Nyumbu, kituo cha Kibaha kilichounda malori, kiko chini ya Wizara ya Ulinzi, lakini sisi jeshi tunaliona shule ya walinzi wa usiku. Mwaka 1979, kwenye vita na Idi Amin wa Uganda, magari ya jeshi yalitoka Kagera yakafika Kampala, na daraja la Kyaka lilishalipuliwa na Amin. Yalifika kwa maombi?

Tatizo tunadhani ufundi ni mkono tu. Mikono Arusha ipo, tena ya ajabu. Chalii wa Unga Limited anakata Land Cruiser katikati, anairefusha, anaifungia paa la kunyanyuka na mgeni hajui kitu. Lakini muulize bearing ya gurudumu la nyuma ilibadilishwa lini. "Juzijuzi tu, bosi." Juzijuzi ipi? Daftari hakuna. Aliyeifunga kahamia Sakina. Spana namba 17 imeazimwa na jirani, kwa hiyo nati imekazwa na plaisi.

Karakana ya jeshi haiendi hivyo. Gari linakaguliwa likiwa zima, halisubiriwi life. Inaandikwa nani kafungua, nani kafunga, nani kakagua. Spana zinahesabiwa, ikipungua moja hakuna wa kwenda kula. Nimewahi kumwangalia mstaafu mwingine, jirani wa dada yangu kule Pasua, Moshi, akifunga gurudumu. Nati alizikaza kwa kukatisha, ya huku na ya mkabala wake, akamalizia na spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Halafu akachukua kopo la rangi na kibrashi, akachora mstari mweupe kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu, moja baada ya nyingine. Nikamuuliza, baba, huu urembo wa nini? "Mstari ukikatika, ujue nati imelegea. Dereva atazame tu, hata spana asishike."

Kopo la rangi! Sasa chukua gari la safari lililopita lango la Loduare kule Ngorongoro linaelekea Naabi, lango la Serengeti, barabara ile ya vumbi na mawimbi inayotikisa mpaka meno, wageni wamejaa ndani, na nati zilikazwa na kijana aliyekuwa ameshikilia simu kwa bega. Gurudumu likichomoka tunasema bahati mbaya. Bahati inaingiaje hapo? Hakuna aliyekagua, basi. Na kampuni zetu za utalii zinalipia gari la kwenda kuokoa gari, zinarudishia wageni hela, zinapokea maoni ya matusi mtandaoni, halafu zinasema mstaafu wa jeshi ni ghali.

Haya, nikubali kidogo, maana najua mtanijia juu. Wapo wastaafu wanaomfokea mteja kama kuruta. Wapo waliozoea spea kutoka stoo, ukiwaambia mteja ana hela ya mtumba tu wanaona umewatukana. Na magari ya siku hizi yanapimwa kwa kompyuta. Fundi aliyekulia kwenye injekta pampu lazima akae chini ajifunze. Lakini hayo ni ya kufundishika ndani ya miezi. Tabia ya kukagua kitu ambacho bado hakijaharibika hujawahi kuiona ikifundishwa kwa miezi.

Karatasi nayo. Cheti cha yule mzee, nilimwomba nikakiona pale nje, kinasifu nidhamu yake na hakisemi lolote kuhusu injini. Marekani wana mpango unaitwa SkillBridge: askari ndani ya siku 180 za mwisho anaweza kwenda kufanya kazi kwenye kampuni ya kiraia huku jeshi likiendelea kumlipa. Hatuna ubavu wa Marekani, najua. Ila VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanapima na kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini, na Moshi wana chuo. Kwa nini mtu asipimwe akiwa bado na sare, anasubiri mpaka kiinua mgongo kimeishia kwenye banda la kuku?

(Mafundi wa ndege ni habari nyingine. Pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, bila leseni ya mamlaka ya usafiri wa anga huidhinishi kazi, na iwe hivyohivyo.)

Na wewe mstaafu unayesoma, ukiandika barua kwa TPC, kiwanda cha sukari cha Moshi, au kwa mwenye magari ya utalii, ule mstari wa "nimelitumikia taifa kwa uaminifu" uondoe. Andika injini ulizofungua, gia boksi ulizorudisha barabarani, mafundi uliowasimamia. Cheo cha sajini taji kitaje mwishoni kabisa. Yule binti wa ofisi ya ajira hajui kama hicho ni kikubwa kuliko cha koplo.